Daftari la Wiki: Nani Anayetujua?

Kuna methali mbili za Kiswahili zinazovutana, na wiki hii daftari linakaa kati yake. Moja inasema nyani haoni kundule. Nyingine inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa ya kwanza, mtu ni wa mwisho kuziona kasoro zake. Kwa ya pili, wa nje hawezi kuyajua ya ndani. Anayetaka kuishi vizuri hana budi kuamua amsikilize nani, maana mashauri mengi tunayopewa vitabuni, kwenye semina na hata mimbarini yameegemea upande mmoja: tulia, jichunguze, utajijua. Ushauri huo ukiachwa peke yake unapotosha. Kujijua kwataka tuyatazame matendo yetu, na tuwasikilize wanaotuona tukiyatenda.

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani. Kila mmoja aliombwa aende jengo la jirani kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri juu ya Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Vijana hao hawakuwa wabaya, wala si wanafiki. Ungemuuliza mmojawao asubuhi ile kama angempita mgonjwa, angekana kwa moyo safi. Hakujua tu kwamba huruma yake inaitii saa kiasi hicho, na hata angejichunguza usiku kucha asingelijua, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana katika mwendo wake, na aliyesimama kando ndiye angeliona.

Hata sababu tunazozitoa kwa uhakika hazina msingi tunaoudhania. Mwaka 2005 Petter Johansson, Lars Hall na wenzao nchini Uswidi waliwaonyesha watu picha mbili mbili za nyuso, wachague inayowavutia. Kisha, kwa mbinu ya mazingaombwe, wakawakabidhi ile waliyoikataa na kuwauliza kwa nini wameichagua. Mara nyingi badiliko hilo halikugunduliwa, na sababu zikatolewa bila kusita. Wapo waliosifu hereni ambazo yule waliyemchagua kwanza hakuzivaa kabisa. Tunatunga maelezo yanayotufaa, kisha tunayaamini.

Hapo mwenye methali ya kitanda atasimama, na ana haki. Nani mwingine ajue maumivu yangu, hofu yangu, uchovu wangu? Hoja hii ina uzito na ina mpaka wake. Utafiti wa Simine Vazire wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mambo yaliyofichika ndani, kama wasiwasi, mtu hujipima vizuri kuliko rafiki zake wanavyompima. Katika yale yanayogusa fahari, kama akili na ubunifu, marafiki humpima vizuri kuliko anavyojipima. Basi kila methali ina eneo lake. Mama anayesema amechoka asibishiwe na jamaa, anajua asemalo. Lakini mtu anayesema yeye ni mkarimu, mwadilifu au msikivu, angoje kwanza ushahidi wa walio chini ya mkono wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu husema uongo juu yetu, wengine kwa wivu, wengine kwa faida. Wakoloni waliwaambia Waafrika kwa vizazi kwamba wao ni duni, na mwandishi Frantz Fanon alieleza mwaka 1952 jinsi hukumu ya namna hiyo inavyoweza kuingia hadi ndani ya nafsi ya anayehukumiwa. Silichukulii jambo hili kwa wepesi. Ila tazama hukumu ile ilivyotolewa: aliyeitoa alishaamua kabla ya kuona, na alinufaika nayo. Shahidi wa kuaminika ni kinyume chake. Amekuona kwa miaka, na akikwambia ukweli anahatarisha mapenzi yenu.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyeacha ualimu wake wa heshima Baghdad mwaka 1095, alilifikiria suala hili kwa kina kuliko wengi wa leo. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din anataja njia nne za kuzijua aibu zako: mwalimu, rafiki mkweli, ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu ili kila unachokichukia kwao ujiulize kama nawe huna. Hakuna njia hata moja kati ya hizo inayomwacha mtu peke yake. Hakudai kwamba adui ni mwadilifu. Alisema tu kwamba jicho la chuki huona kile rafiki wa kusifu anachokifunika. Alilalamika pia kwamba rafiki mkweli ni adimu, na hilo ni kosa letu kwa sehemu kubwa: tunawaadhibu wanaotwambia ukweli kwa kununa, kwa kuwakwepa, kwa kuacha kuwaalika. Bosi hufanya hivyo, mzazi hufanya hivyo, kiongozi hufanya hivyo na kuziba masikio ya nchi nzima.

Basi, msomaji, mtafute mmoja anayekufahamu kwa miaka na asiyehitaji chochote kutoka kwako. Muulize kitu gani unachokifanya kinachowaumiza watu bila wewe kujua. Akianza kueleza, usijitetee. Mwache amalize.