Maelezo ya mtu yasikatwe kimya kimya

Mwaka 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ilifungwa. Kabla ya kufungwa, familia za Warundi zilizoishi pale zilihojiwa ili ijulikane nani anaweza kurudi kwao na nani bado anahitaji ulinzi. Watu wapatao 2,700 walionekana bado wana sababu ya kubaki, wakahamishiwa kambi ya Nyarugusu. Wengine zaidi ya 30,000 walirejeshwa Burundi mwishoni mwa mwaka huo. Katika mahojiano ya namna ile, umri, jinsia, idadi ya watoto na mkoa wa asili havitoshi kuamua lolote. Kinachoamua ni yale mtu aliyoyasema: alikimbia nini, nani anamtafuta, shamba lake liko mikononi mwa nani. Ndiyo maana jambo ninalotaka kulizungumzia, ambalo viongozi wengi wa ofisi huwaachia mafundi wa kompyuta, linatuhusu sote. Ni lile linalotokea pale maelezo marefu ya watu yanapotolewa kwenye kanzidata na kuhamishiwa kwenye jedwali la Excel.

Nyanda za juu za Kigoma zimeishi na kazi hii kwa muda mrefu. Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Warundi walipoanza tena kumiminika mwaka 2015, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huohuo, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata mwanzoni mwa 2016. Tangu 2017 safari za kuwarejesha Warundi kwao kwa hiari zimekuwa zikiandaliwa. Kila hatua kati ya hizo huzaa maelezo: usajili, uchunguzi wa afya, malalamiko ya mgawo wa chakula, taarifa za ukatili wa kijinsia, mahojiano ya wanaotaka kurudi. Siku hizi mengi huandikwa moja kwa moja kwenye simu au kompyuta na kuingia kwenye kanzidata. Lakini kikao kinapoitishwa, hakuna anayeifungua kanzidata mezani. Linaombwa faili la Excel, lipangwe, lichujwe, litumwe kwa barua pepe, lichapishwe. Hapo ndipo maneno hupotelea.

Matoleo ya zamani ya Excel, ya kabla ya 1997, yaliweza kuhifadhi herufi 255 tu katika kisanduku kimoja, nafasi na alama zikiwemo. Leo kisanduku hubeba herufi 32,767, na mtu akisikia hivyo huona shida imekwisha. Haijaisha, kwa sababu ile 255 ya zamani imebaki njiani. Kanzidata ya Access ikiombwa iondoe mistari iliyojirudia, au iikusanye kwa makundi, hukata maandishi marefu kwenye herufi ya 255. Ukihifadhi faili kwa muundo wa kale ili lifunguke kwenye kompyuta ya ofisi jirani, linaweza kukatwa palepale. Na programu inayosoma jedwali ili kulirudisha kwenye kanzidata mara nyingi huchungulia mistari 8 ya kwanza tu kisha huamua safu hiyo ni ya maandishi mafupi au marefu. Kama watu 8 wa kwanza walisema machache, wa 9 aliyesimulia kurasa mbili hukatwa maneno yake. Mara nyingi halitokei onyo lolote. Faili linafunguka vizuri, idadi ya mistari ni ileile, majina yote yapo.

Tuone herufi 255 zinabeba nini. Mfano huu nimeutunga, lakini hesabu yake ni kamili. Mkimbizi anahojiwa, naye anajibu: "Tulitoka Makamba mwezi wa tano 2015, mimi, mke wangu na watoto wanne, tukapita Mabanda usiku, tukavukia mpakani Manyovu, tukaletwa Nyarugusu kwa basi. Nyumba yetu sasa anakaa mtu mwingine na shamba analima yeye. Nasikia huko kuna amani na natamani kurudi," na hapo kwenye mkato zimetimia 255. Ni maneno 39. Alichoendelea kusema ni hiki: "ila kaka yangu aliyetangulia mwaka jana alichukuliwa usiku na mpaka leo hatujui alipo, kwa hiyo naogopa." Ofisa anayesoma jedwali hatayaona maneno hayo, wala hatajua yalikuwepo. Atakachoona ni mtu anayetamani kurudi. Kibaya zaidi, kisu kina kawaida ya kuangukia palepale, kwa sababu madodoso mengi huuliza kwa mpangilio wa safari: ulitoka wapi, lini, na nani, ulipita wapi, na ndipo huulizwa unaogopa nini. Hofu huja mwisho, na mwisho ndio unaokatwa.

Asije mtu akadhani huu ni udhaifu wa ofisi za pembezoni. Oktoba 2020, Public Health England, wakati huo taasisi ya afya ya jamii ya Uingereza, ilitangaza kwamba watu 15,841 waliokutwa na virusi vya korona walikosekana kwenye takwimu za siku 8, kuanzia 25 Septemba hadi 2 Oktoba. Majibu ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye faili la Excel la muundo wa kale, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili lilipojaa, yaliyozidi yakaachwa nje. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshapewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Kule ilipotea mistari mizima, na hata hivyo ilichukua siku kadhaa kugundulika. Maneno yakipotea ndani ya mstari ambao bado upo, nani atagundua, na kwa kuangalia nini?

Najua yatakayosemwa kwanza: hakuna mwenye muda wa kusoma simulizi mia sita, na wafadhili na wizara wanataka idadi. Ni kweli wanataka idadi, na ni haki yao. Lakini idadi hiyo hutoka wapi? Mtu hukaa na safu ya maelezo akaweka alama: huyu anaogopa ugomvi wa ardhi, huyu ametengana na mtoto, huyu hana tatizo. Akiweka alama hizo kwa kusoma maandishi yaliyokatwa, idadi itakayopanda kwenda wizarani Dodoma na makao makuu ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, huko Geneva itakuwa ya uongo, hata kama ina asilimia na michoro ya rangi. Anayetegemea takwimu peke yake ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai maandishi kamili.

Wengine watasema karani aandike kwa kifupi tangu mwanzo. Hoja hii ina uzito wake, maana muhtasari mzuri ni kazi ya akili na huokoa muda wa wengi. Lakini muhtasari na mkato ni vitu viwili tofauti. Karani anayefupisha anajua alichoacha, na akiulizwa anaweza kujibu. Hata fomu ya karatasi ikimwishia nafasi, huigeuza na kuandika "tazama nyuma". Kompyuta iliyokata haiandiki hivyo. Tena tukumbuke kwamba kauli ya Mrundi wa Nduta huenda imetolewa kwa Kirundi, mkalimani akaigeuza Kiswahili, ikaandikwa kwa Kiingereza. Kila daraja limeacha kitu nyuma. Kilichobaki baada ya madaraja yote hayo ndicho pekee tulichonacho kutoka kinywani mwa mtu huyo, na hatuna cha kupunguza tena.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya usiri. Maelezo ya namna hii yana majina ya waliobaka, ya majirani, ya watoto, na faili la Excel huzurura: liko kwenye barua pepe, kwenye flashi, kwenye kompyuta ya mtu aliyehamishwa kikazi. Kwa hiyo, watu husema, heri yasitoke yote. Nakubali kabisa kwamba mengi hayapaswi kutoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa msingi wa kulisimamia hilo. Ila anayelinda siri huchagua kwa makusudi kipi kitoke na kipi kibaki, na mkato wa mashine hauchagui. Katika ule mfano wangu, mkato uliacha mkoa, njia ya kuvukia mpakani na idadi ya watoto, mambo yanayotosha kumtambulisha mtu, ukaondoa sababu ya kumlinda. Kama ni usiri, basi safu nzima ya maelezo isihamishwe. Iwekwe namba ya kumbukumbu, na mwenye mamlaka aifungue kanzidata asome humo.

Ninachodai hakihitaji mfumo mpya wala mshauri kutoka nje. Anayehamisha data ahesabu urefu wa kila maelezo ndani ya kanzidata, aongeze hesabu hiyo kama safu inayosafiri pamoja na faili, kisha Excel ihesabu tena kwa fomula yake ya kawaida ya LEN. Namba mbili zisipolingana, faili lisitumwe. Na mistari kadhaa ikiishia sawasawa kwenye 255, hata kama hakuna kingine kilichokaguliwa, ijulikane maelezo yamekatwa, kwa sababu watu mbalimbali hawamalizi kusema kwenye herufi ileile. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Idara ya wakimbizi katika Wizara ya Mambo ya Ndani, UNHCR na mashirika yanayofanya kazi Kibondo na Kasulu waiweke kwa maandishi katika taratibu zao, pamoja na sharti moja zaidi: uamuzi wowote unaomhusu mtu mmoja, wa kurudishwa, kuhamishwa au kunyimwa, usifanywe kwa kusoma jedwali, na anayeutia saini aonyeshe tarehe aliyofungua kumbukumbu ya asili.