Wimbo Usiokuwa na Tamati

Malenga wetu wa pwani alikuwa mjanja. Akifika beti za mwisho huweka jina lake, mara nyengine na mtaa wake na idadi ya beti alizotunga, ili mwizi akija kuuiba utenzi amkute mwenyewe mlangoni. Wimbo wa dansi hauna ubeti huo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Siku za Idi, uwanja wetu wa Makadara ukijaa pembea na vipaza sauti, "Jambo Bwana" haukosi kupigwa. Nimemsikia kijana akimhakikishia mwenziwe kuwa wimbo huo ni wa Boney M., Wazungu wa Ujerumani. Simlaumu, hakuna aliyemwambia vyenginevyo.

Wimbo ni wa Teddy Kalanda Harrison, aliyekuwa kiongozi wa Them Mushrooms, bendi ya hapa hapa Mombasa iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za ufuoni. Uliingia sokoni 1982, na kwa hesabu ya bendi yenyewe, hadi 1987 nakala zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeuzwa humu Kenya. Mwaka 1983 Boney M. wakautoa Ulaya kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata". Miaka miwili kabla yake walikuwa wameshauimba "Malaika".

Hao Boney M. nao ni kisa. Aliyeliunda kundi ni Frank Farian, Mjerumani aliyefariki Januari 2024. Waimbaji wake mashuhuri walitoka visiwa vya Karibea. Ile sauti nzito ya kiume katika "Daddy Cool" ilikuwa ya Farian mwenyewe studioni, naye Bobby Farrell jukwaani akifunua kinywa na kucheza tu. Basi hata kwao mwenye sauti na mwenye sura walikuwa watu wawili!

Ama "Malaika", ugomvi wake ni mkubwa zaidi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine hushikilia kuwa mtunzi ni Adam Salim wa Tanganyika, mwaka 1945. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika sahani yao ya 1965, ukavuma duniani. Fadhili alifariki 2001 na ubishi haujesha. Chuoni tulifundishwa kwamba hadithi haipokewi mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa nani. "Malaika" umeizunguka dunia bila isnadi.

Wapo washairi wenzangu wanaoukebehi "Jambo Bwana". Eti ni Kiswahili cha watalii, mtu wa Mji wa Kale haamkii hivyo. Ni kweli, sisi husema hujambo tukajibiwa sijambo. Lakini Kalanda alimwimbia mgeni, na mgeni hupewa tonge analoweza kulimeza. Nahau iliyopinda haimlazi mtu na njaa. Jina likifutika ndipo mtunzi anapolala na njaa, maana malipo humfuata anayetajwa.

Hoteli zinazoupiga wimbo huu kumpokea mgeni zina kipaza sauti tayari. Redioni msomaji wa mashairi humtaja mtunzi kabla ya kughani, wala hachoki. Nao waseme: wa Teddy Kalanda, Them Mushrooms, Mombasa, 1982. Kisha ngoma ipigwe.