Tuache kuwaambia vijana wa Kalehe «sahau»

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, maji yalishuka na mawe kutoka milimani na kuzoa Nyamukubi na Bushushu, wilayani Kalehe, Kivu Kusini. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Wengine hawajaonekana hadi leo.

Sasa wingu likitanda tu, kijana aliyefiwa siku ile anatetemeka. Na sisi wakubwa tunamwambia nini? «Jikaze. Ni mapenzi ya Mungu. Sahau.»

Hiyo si faraja. Ni kumfunga mdomo.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kijana huyo si mwoga, ana akili. Anaona bado tunakata miti mlimani na kujenga kando ya mto. Anasikia kwamba dunia inazidi kupata joto na mvua kali zitaongezeka. Anaogopa kitu cha kweli.

Basi mwalimu, asiyeweza kusoma mvua ikinyesha usimchape; kaa naye. Wachungaji na mapadri, tajeni majina ya waliokufa, hata wasio na kaburi. Wazazi, onyesheni watoto njia ya kukimbilia mahali pa juu, mchana, kabla ya mvua. Na serikali itoe viwanja mbali na mito, si hotuba.

Kupanda miti ni vizuri. Lakini mti haumsikilizi mtoto anayelia usiku. Hiyo ni kazi yetu.