Dawa za majani zina kazi yake, lakini haziponyi kila ugonjwa

Katika Kivu, familia nyingi zilizokimbia vita zinalima vipande vidogo vya shamba vya kukodi. Mazao yakiugua, kodi ya shamba imepotea na watoto hawana chakula. Ndiyo maana habari za dawa za majani zinapokelewa kwa furaha: ni dawa inayoota kando ya njia. Habari hizo zina ukweli, lakini dawa hizo zina mipaka, na mkulima ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Majani ya tefrosia, ule mti mdogo ambao wavuvi wanautumia kulewesha samaki, yana sumu iitwayo rotenoni. Yakipondwa, yakalowekwa usiku mzima, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, maji yake yanapunguza vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaojazana kwenye maharagwe. Kazi hiyo si ndogo, kwa sababu vidukari ndio wanaobeba virusi vya mozaiki kutoka haragwe moja hadi lingine. Vitunguu saumu vikipondwa navyo vinapunguza nguvu ya kuvu fulani, kama vikinyunyizwa mapema kabla ugonjwa haujaenea.

Lakini mnyauko wa migomba, uliogunduliwa Masisi mwaka 2001, hauponi kwa jani lolote. Bakteria wake wanaishi ndani ya mgomba, na wanaenezwa na panga na wadudu wanaotua kwenye ua dume. Kinachosaidia ni kukata mgomba unaougua, kupitisha panga kwenye moto, na kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Mozaiki ya muhogo pia haiponi kwa kunyunyiza: inahitaji vijiti vya kupanda vilivyo safi. Anayeuza chupa moja akiahidi kuponya yote hayo anamwibia mkulima msimu mzima.

Tena, kutoka kwa mmea si kusema haina hatari. Sumu inayoua samaki haifai kusafishwa mtoni wala ziwani, na ndoo yake isirudi jikoni. Hata hivyo, mkulima anayejua jani lake yuko salama kuliko yule anayenunua sokoni dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na jina wala kipimo.

Mashirika yanayogawia wahamiaji mbegu na majembe yaongeze mbegu za tefrosia na siku moja ya mafunzo shambani. Waagronomu wa serikali nao, pamoja na watafiti wa INERA kule Mulungu, waseme redioni, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini: jani gani, kipimo gani, kwa ugonjwa gani, na ugonjwa gani usiopona kwa majani. Familia iliyokwisha kupoteza shamba la nyumbani haiwezi kupoteza tena hata lile la kukodi kwa kukosa maelezo.