Vijana Wetu na Kazi: Amana ya Mwendesha Winchi



Wazazi wa Bagamoyo na vijiji vya pwani hii hutuuliza mara kwa mara: kijana aliyemaliza kidato cha nne, naye hakupata nafasi ya kuendelea, tumtafutie kazi gani? Mwezi huu twapenda kusema juu ya kazi ambayo wengi huitazama kwa mbali tu, nayo ni ya kuendesha winchi, yaani mtambo wa kunyanyulia mizigo mizito.

Watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Wazee wetu walitweka foromali kwa henza, jarari na gofia, na kila baharia alijua kwamba kamba iliyochakaa humwua aliye chini. Bagamoyo maji yake ni mafupi, merikebu kubwa haziwezi kukaribia pwani, na hiyo ni moja ya sababu zilizowafanya Wajerumani wahamishe makao yao makuu kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Huko gati za kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1956, na mizigo iliyokuwa ikishushwa kwenye matishari ikaanza kunyanyuliwa kutoka melini hadi nchi kavu. Tangu hapo winchi imekuwa mlango wa riziki kwa wengi.

Katika Sura ya Qasas twasimuliwa kwamba Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyana aliwanyweshea wanyama wao mabinti wawili, na mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Baadhi ya wafasiri wasema kuwa nguvu zake zilionekana alipoliondoa peke yake jiwe zito lililofunika kisima. Leo nguvu ni ya mtambo. Uaminifu ndio uliobaki kuwa wa mtu, na huo ndio anaoajiriwa nao kijana wetu.

Basi na aanze chini. Kwanza ajifunze kufunga mizigo na kutoa ishara za mikono, kisha aende kwenye mafunzo, kama yale ya Chuo cha Bandari kilichoko Dar es Salaam, wala asikubali kukalishwa kwenye usukani kwa kuwa tu mjomba wake anajuana na msimamizi. Atafundishwa kuwa winchi huweza mzigo mkubwa ukiwa karibu, na mkono wake ukinyoshwa mbali uwezo hupungua sana, kama mtu ashikavyo ndoo kifuani kisha akainyosha mbele yake. Atafundishwa kuweka mbao pana chini ya miguu ya mtambo, hasa kwenye mchanga wetu huu. Kuunyanyua mzigo kidogo na kungoja, aone kama breki zashika. Na kutoupitisha kamwe juu ya vichwa vya watu. Humtii mtoa ishara mmoja tu, lakini ishara ya kusimama huitii hata ikitolewa na mfagiaji.

Lakini mtihani mkubwa haumo katika vitabu vya chuo. Meli yangoja, jua lazama, na msimamizi apiga kelele: "Nyanyua!" Kijana aona nyuzi za kamba ya chuma zimekatika, au uzito wa mzigo haujulikani. Hapo aseme kwa adabu: "Samahani mzee, huu sinyanyui mpaka ukaguliwe." Hatuwafichi, wasomaji wetu: huenda neno hilo likamkosesha ujira wa siku ile, pengine na kazi yenyewe. Lakini walio chini ya kulabu wana mama na watoto wanaowangoja nyumbani, na roho zao ni amana mikononi mwake. Sheria nayo yamuunga mkono, kwani tangu mwaka 2003 nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na vyombo vya kunyanyulia mizigo vyapaswa kukaguliwa.

Tena, wakati wa swala ukiingia, aushushe mzigo kwanza, azime mtambo, ndipo aende. Kuuacha ukining'inia si ucha Mungu. Na katika Ramadhani, akihisi kizunguzungu, aseme mapema apokewe na mwenzake.

Nanyi wazazi, msiidharau kazi hii kwa sababu ya mafuta na kutu, Nabii Daud (a.s.) alifua chuma. Wala msiwaache vijana wakae barazani kungojea bandari ya Mbegani, ambayo makubaliano yake yalitiwa saini mwaka 2013 na mazungumzo yakasimama mwaka 2019. Aliyejifunza vema hutafutwa bandarini, kwenye majengo na kwenye reli. Kijana akirudi jioni, kabla ya kumwuliza alichopata, mwulizeni: "Leo wote mmerudi salama?"

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu nguvu na uaminifu, na awalinde walio juu na walio chini. Amin.