Vita Havikuwa vya Kiungwana

Makala iliyovisifu vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki kuwa vya kiungwana, eti kwa kuwa jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimu amri bila kushindwa, imehesabu askari na kuwasahau wapagazi. Upande wa Uingereza pekee walikufa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi. Atakayejibu kwamba maradhi hayachagui, atueleze ni nani aliyewatoa watu mashambani kwa nguvu na kuwapa posho haba, huku majeshi ya pande zote yakichukua nafaka na mifugo ya wanakijiji. Njaa ya wakati huo kule Ugogo, iliyoitwa Mtunya, haikuletwa na ukame peke yake. Jemadari aliyelishwa kwa ghala la mkulima hakukosa kushindwa bure. Mkulima ndiye aliyelipa.