Silaha Wakati wa Maafa

Mto Ruvuma unapojaa, wakulima wa Kitaya na vijiji jirani vya bondeni hulazimika kuyaacha mashamba ya mpunga na kupanda juu kwenye mikorosho. Hiyo si habari mpya kwa mtumishi yeyote aliyepata kufanya kazi mkoani Mtwara. Lakini lipo swali moja la utekelezaji ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mkulima mwenye kibali halali cha gobore, ambalo hulitumia kufukuza nguruwe mwitu shambani, anapoamriwa ahame usiku ule ule na kwenda kulala katika darasa la shule, silaha yake aiweke wapi?

Akiiacha nyumbani, itachukuliwa na maji au na mwizi, na sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 itamwuliza. Akiibeba, ataingia nayo katika chumba chenye akina mama na watoto, mbele ya mwalimu mkuu ambaye hata kabati la madaftari halina kufuli, seuze ghala la silaha. Kwa vyovyote vile mtu huyo mtiifu amekwisha kuwa mkosaji kabla hajapata pa kulala.

Wapo wanaoona kuwa dawa ni Serikali kuzikusanya silaha zote mara maafa yanapotangazwa. Wapo na wanaodai kuwa kila mwenye bunduki aachiwe bunduki yake, kwa kuwa siku ya maafa askari huwa mbali na mwivi huwa karibu. Hoja zote mbili zilikwisha kujaribiwa nchini Marekani, na yafaa watumishi wa umma wayajue yaliyotokea.

Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipouzamisha mji wa New Orleans, mkuu wa polisi wa mji huo aliamuru raia wanyang'anywe silaha, hata zile walizozimiliki kihalali. Mwezi uliofuata mahakama ya shirikisho ikazuia amri hiyo, na mwaka 2006 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kuipiga marufuku wakati wa maafa. Lenye kusikitisha zaidi ni yaliyofuata. Silaha zilikaa ghalani, nyingine zikaota kutu, na wenyewe walipokwenda kuzidai, wengi hawakuwa na hati ya kuthibitisha kuwa ni zao, kwa kuwa hati zenyewe zilikwenda na maji. Waliozichukua hawakutoa stakabadhi iliyo wazi. Ugomvi mkubwa wa haki za raia ulichochewa, kwa kiasi kikubwa, na uzembe wa karani.

Tanzania haina sababu ya kuazima ugomvi huo. Katiba ya 1977 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Humiliki kwa kibali, na kibali kina masharti. Fikra ya ulinzi hapa nchini ni nyingine kabisa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliliweka jukumu la ulinzi mikononi mwa umma uliofunzwa na kupangwa, na mgambo ndio mfano wake. Haukuliweka mikononi mwa mtu mmoja mmoja anayelinda mlango wake. Kitaya yenyewe inalijua jambo hili kwa uchungu. Oktoba 2020 wavamizi wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji, wakaua wanakijiji na kuchoma nyumba. Gobore la kufukuzia nguruwe halingeweza kulizuia kundi lile.

Hata hivyo, tukio hilo hilo linawataka viongozi wawe na busara. Mtu aliyeona nyumba ya jirani yake ikiteketea atasitasita kumkabidhi mtu silaha yake na kuondoka kijijini usiku, na kusitasita huko si ukaidi wala si upinzani dhidi ya Serikali. Afisa anayemkemea badala ya kumweleza hajui anaongoza watu gani.

Tena si kweli kwamba maafa humpa kila mwenye cheo madaraka yasiyo na mpaka. Ibara ya 32 ya Katiba inamruhusu Rais kutangaza hali ya hatari hata kwa sababu ya balaa la kimazingira, lakini tangazo hilo hupelekwa kwa Spika ili Bunge liliamue kwa theluthi mbili ya kura. Ikiwa Rais mwenyewe amewekewa utaratibu, mtendaji wa kata hawezi kudai kuwa mvua imemwondolea wa kwake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeunda kamati hadi ngazi ya kijiji, na kamati hizo ndizo zenye kujua nani anaishi bondeni.

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa mabondeni Mtwara waliitikia wito wa kuhama. Kimbunga kikaangukia Cabo Delgado na kuua watu zaidi ya 40 upande wa pili wa mto. Baadhi ya waliorudi nyumbani walinung'unika kuwa wamesumbuliwa bure, kana kwamba Lindi haikupigwa na kimbunga Aprili 1952. Watu wale walihama kwa sababu waliiamini sauti iliyowaita. Amri ya kukusanya silaha ikitolewa kwa vitisho, wito wa mara ya pili hautaitikiwa.

Kwa hiyo kamati za vijiji vya bonde la Ruvuma zingeanza sasa, wakati mto bado uko ndani ya kingo zake. Polisi wawape watendaji orodha ya wenye vibali. Kila mmoja aambiwe mapema ni kituo gani cha polisi atakachokabidhi silaha yake, na apewe stakabadhi yenye namba ya silaha, tarehe na sahihi ya aliyepokea, nakala ya pili ibaki wilayani mahali pasipofikiwa na maji. Siku ya kurudishiwa itajwe pale pale. Walimu wakuu ambao shule zao zitakuwa makazi ya muda waelezwe kwa maandishi kwamba hawaruhusiwi kupokea silaha, hata wakibembelezwa na wazee wanaowaheshimu. Na mashamba yaliyoachwa yalindwe na mgambo pamoja na askari wanyamapori, maana mkulima aliyekabidhi gobore lake atauliza kwanza ni nani atakayewafukuza nguruwe.